Stesheni za Kikristo zinakua Uganda: sadaka ya hewani ikaguliwe au iachwe?

Ndugu zangu, swali lililo mbele yetu ni kama Serikali ina haki ya kuzisimamia stesheni za runinga za Kikristo, na mwenzetu aliyetangulia amejibu kwamba kuzigusa kwa namna yoyote ni kuigusa ibada yenyewe. Mimi ni mlokole wa miaka mingi na namheshimu, lakini hapo naachana naye.

Tuanze na jinsi zilivyokua. Kuanzia 1963 mtazamaji wa Uganda alikuwa na UTV, runinga ya Serikali, peke yake, hadi milango ya watu binafsi ilipofunguliwa miaka ya 1990. Katika mfumo wa analogi, masafa mamoja yalibeba stesheni moja, na aliyetaka kurusha matangazo alihitaji mlingoti na mitambo yake. Mfumo wa dijitali, tulioanza kuhamia mwaka 2015, hubeba stesheni zaidi ya kumi katika masafa yaleyale, hivyo kanisa lenye studio ndogo na ada ya kila mwezi linaingia katika king'amuzi cha kila nyumba. Waumini nao waliongezeka: katika sensa ya 2002 Wapentekoste hawakufikia asilimia 5, na katika ile ya 2014 walikuwa asilimia 11.1. Kisha nyumba za ibada zikafungwa Machi 2020, na kwa miezi kadhaa runinga ikawa ndiyo kanisa. Pasaka ya mwaka ule tulipiga magoti sebuleni, watoto wakiwa kwenye mkeka, na sitasahau faraja ile.

Kwa hiyo sipingi kukua kwake. Ninachokipinga nilikiona kwa jirani yetu hapa Kireka, mama anayechoma ndizi za gonja kando ya barabara. Usiku mmoja mhubiri wa runinga aliomba watu mia moja wa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka kwa kutarajia baraka, kabla maombi hayajaisha. Namba ya kutumia pesa ilikuwa ikipita chini ya skrini bila kukoma, na yule mama, huku machozi yakimtoka, akatuma shilingi 60,000 alizoziweka kwa ajili ya karo ya muhula. Asubuhi aliipigia stesheni ile mara nne kuuliza kama wanaweza kumrudishia hata nusu. Hakuna aliyepokea.

Mtindo wa kuchangisha hewani si wetu wa asili. TBN, mtandao wa runinga za Kikristo ulioanzishwa California, Marekani, mwaka 1973 na Paul na Jan Crouch, ulikua kwa watazamaji waliopiga simu na kuahidi michango. Aliyeahidi aliweza kulala na kufikiri kabla ya kutoa. Hapa kwetu pesa ya simu huondoka katika dakika ileile moyo unapochemka, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowaumiza maskini.

Mwenzetu ametaja kifungu cha 29 cha Katiba ya 1995, kinacholinda uhuru wa kuabudu, na yuko sahihi kabisa: hakuna afisa anayepaswa kupima mafundisho ya mchungaji. Lakini masafa ni mali ya umma, na leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano kwa niaba yetu sote, Waislamu na Wakatoliki wakiwemo. Anayekusanya fedha kupitia mali hiyo atangaze kila mwaka amepokea kiasi gani na kimetumikaje, na mtoaji apewe siku chache za kudai fedha yake. Najua nitajibiwa kwamba sadaka ni siri. Siri hiyo ni ya mtoaji. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume katika kutoa, wala hakumpa mpokeaji ruhusa ya kuficha hesabu.

Naomba wahasibu na mafundi wanaofanya kazi ndani ya stesheni hizi waingie katika mjadala, watueleze: zile namba zinazopita chini ya skrini zimesajiliwa kwa jina la kanisa, la stesheni, au la mtu mmoja?