Kampuni inahama Dodoma kwenda Kwala, tusiohama tunaandikiwa "umeacha kazi kwa hiari". Hii ni sheria ya nchi gani?

Wakuu mbukwenyi. Nimekuja na hasira kwaiyo kama kuna maneno yatakaa vibaya mnivumilie, na mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za kutafuta ajira maana mie hapa siombi kazi, kazi ninayo, au tuseme nilikuwa nayo mpaka barua zilipogawiwa.

Kampuni sitaitaja. Tupo Kizota, tunapokea mzigo, tunapaki, tunasambaza Dodoma yote, Singida, Manyoni, Kondoa mpaka Kiteto huko. Sasa menejimenti wameamua shughuli nzima inahamia Kwala kule Pwani, sababu ni bandari kavu, kontena linafunguliwa palepale hakuna tena kulipia malori kuja huku. Sawa. Mie kwa hilo sina ugomvi hata chembe, mali ni yake, akitaka kuipeleka Kigoma aipeleke, hakuna sheria inayomkataza mwajiri kuhama. Ugomvi wangu ni ile barua.

Barua ina aya tatu. Ya kwanza ni shukrani nyingi na "familia yetu", ya pili tarehe ya kuripoti Kwala, ya tatu ndio yenye sumu, inasema mfanyakazi ambaye hataripoti kituo kipya atahesabika ameacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiari! Mtu ana nyumba Nzuguni bado haijapauliwa, mtoto yuko darasa la saba, mama mzazi anaumwa yuko Bahi anamhudumia kila wikiendi, wewe unaibeba kazi yake unaipeleka zaidi ya kilomita 300 afu unasema yeye ndio kaondoka. Nani kaondoka hapo jamani?

Msidhani hayo maneno yameandikwa kwa bahati mbaya. Aliyeyaandika anajua anachofanya, ni hesabu za pesa tupu. Ukipunguzwa kazi kwa sababu za uendeshaji, yani kampuni imehama, imebadili mfumo, imekosa hela, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inambana mwajiri: notisi ya siku 28 kama unalipwa kwa mwezi au alipe hela ya hiyo notisi, likizo ambayo hujaenda ilipwe, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza mpaka kikomo cha miaka 10, na cheti cha utumishi. Ukiacha kazi mwenyewe kiinua mgongo hakuna. Tena na lile fao la upotevu wa ajira la NSSF halipewi mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Kwaiyo neno moja tu kwenye aya ya tatu linamwokolea bosi hela na linakufungia wewe mlango wa NSSF hapo hapo.

Tupige hesabu maana watu wanadhani ni vijisenti. Chukua mtu wa stoo mwenye mshahara wa msingi 450,000 aliyefanya kazi miaka 9, wiki ya siku 6. Gawanya kwa 26 upate ya siku, zidisha kwa 7, zidisha kwa 9, inakuja kama milioni moja na elfu tisini. Weka notisi, weka likizo, inasogea kwenye milioni mbili. Sio utajiri, ila kwa mtu wa Chang'ombe ambaye mwezi ujao hana mshahara hiyo ni kodi na ada na mtaji wa kuanzia genge. Sasa zidisha kwa wafanyakazi wote wa ghala zima ndio utajua kwanini HR amekaa usiku kuitafuta hiyo "kwa hiari".

Kuna kikao kilifanyika. Tulisimamishwa nje kwenye jua, meneja akaongea dakika chache, akauliza kuna swali, dada mmoja wa upakiaji akauliza nauli na kuhamisha mizigo itakuwaje, akajibiwa eti "si mna treni ya umeme sasa hivi, Dodoma na Pwani ni jirani". Watu wakacheka kwa uchungu. SGR daraja la kawaida Dodoma Dar ni 31,000 kwenda tu. Uache familia huku uwe unarudi kila wikiendi, kwa nauli hiyo ya mpaka Dar ni 62,000 mara nne, yani 248,000 kwa mwezi kutoka kwenye mshahara wa laki nne na nusu kabla hujakatwa, hapo hujapanga chumba, hujala, na kutoka stesheni mpaka getini ni bodaboda. Huyo meneja mwenyewe anatembea na gari ya kampuni ina mafuta ya kampuni, treni ameiona akiwa kwenye foleni ya magari.

Na ile karatasi tuliyopitishiwa tuandike majina tukijua ni mahudhurio, saa hivi inatajwa kama muhtasari wa kikao cha mashauriano ambapo "wafanyakazi waliridhia". Jamani kuhabarishwa sio kushauriwa. Kifungu cha 38 cha hiyo sheria ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza mara tu anapoanza kulifikiria, sio akishalipia eneo jipya na kuita mafundi. Anatakiwa atoe taarifa zote za maana, afu akae na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, wajadili sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuchagua nani abaki nani aende, lini, na malipo. Wasipokubaliana linaenda kwenye usuluhishi CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sasa sisi tumejadili nini? Tumejadili treni.

Ngoja niseme na hili la mkataba mpya maana ndio lililonifanya niandike huu uzi, wengi wenzangu wamefurahi kwamba "angalau mie nimekubali kwenda nitabaki na kazi yangu". Soma kwanza mzee. Walioenda kusaini ofisini wamekuta sio barua ya uhamisho, ni mkataba wa miezi 12, unaanza upya, na pale kwenye mahali ulipoajiriwa imeandikwa Kwala. Wanaona ni karatasi tu. Miaka yako 6 au 9 ya Kizota inataka kufutwa kimya kimya, na huo mkataba ukiisha mwakani kwa muda wake kuisha, kiinua mgongo hakuna kabisa. Na sheria inasema mtu akiachishwa kazi sehemu tofauti na alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake kurudi alipoajiriwa, au alipie huo usafiri, na posho ya kujikimu kwa muda anaousubiri. Ukishaandikwa umeajiriwa Kwala, siku wakikutoa hapo Kwala hawadaiwi hata nauli ya kukurudisha Dodoma, kitanda chako na makochi utajua mwenyewe. Mahali pa kazi na mahali ulipoajiriwa ni vitu ambavyo vinatakiwa viwe kwenye maelezo ya maandishi ya ajira yako tangu mwanzo, na vikibadilika mwajiri anatakiwa abadilishe kwa kushauriana na wewe na akujulishe kwa maandishi. Kwaiyo kama unaenda, nenda, lakini dai barua ya uhamisho inayosema utumishi wako unaendelea tangu tarehe ya zamani na umeajiriwa Dodoma. Wakikataa kuiandika hiyo sentensi moja basi umeshajua walichopanga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni Dodoma. Huu mji unajua kuhama kuliko mji wowote nchi hii, ilitangazwa makao makuu tangu 1973 na watu wakawa wanasubiri mpaka Magufuli aliposema 2016 serikali inahamia kweli. Tumewaona watumishi wa wizara wakija kutoka Dar, na mtumishi wa umma akihamishwa Kanuni za Kudumu zinamtambua, kuna posho ya usumbufu, kuna ya kujikimu, kuna kusafirishiwa mizigo. Walilalamika na wao ndio, wapo waliocheleweshewa, ila angalau kuna kitu cha kudai. Sisi wa sekta binafsi hayo ya kuhamishwa yanategemea mkataba wako, sera ya kampuni au mkataba wa hali bora kama mna chama kilichokaa mezani na mwajiri. Sisi chama hatuna, kila aliyeanzisha habari za kuwaleta TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, alikuwa anahamishiwa zamu ya usiku mpaka anyamaze. Kodi za nyumba walizopandisha wageni wa serikali tumelipa sisi, leo na sisi tunahamishwa tunaambiwa tupande treni.

Sasa kwa wenzangu wa Kizota mnaosoma hapa (najua mpo, link nimeitupa kwenye grupu la wasapu), msikae nyumbani tu siku ya kuripoti ikifika mkidhani kimya ni jibu. Hapo ndio wanapokutaka. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa la kufukuzisha mtu, wakikufukuza kwa utoro kiinua mgongo kimekwenda pia. Andika barua, hata ya mkono, sema hujaacha kazi, uko tayari kufanya kazi kituo chako cha Kizota, uhamisho huu hukushauriwa na huwezi kwa sababu hizi na hizi, na kama kazi yako Dodoma haipo tena basi ufuatwe utaratibu wa kupunguza wafanyakazi. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea. Wakigoma kugonga tuma kwa imeili au EMS ubaki na risiti.

Ukishaachishwa una siku 30 kufungua mgogoro CMA, kwa madai mengine ambayo sio ya kuachishwa ni siku 60. Unajaza ile fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala, hakuna ada, na wakili sio lazima. CMA wapo hapa hapa Dodoma mjini. Siku 30 zinaisha haraka kuliko mnavyodhani, ukichelewa unaanza kwanza kesi ya kuomba uongezewe muda na kueleza ulikuwa wapi, na "HR aliniambia nisubiri" haiwi sababu nzuri.

NYONGEZA: Naona kuna mkuu hapo chini anasema sheria inasema ukikataa kazi mbadala hupati kiinua mgongo kwaiyo tusijisumbue. Mkuu umesoma nusu. Inasema ukikataa bila sababu ya msingi. Hilo ndio neno la kubishania mbele ya CMA. Kazi ya mkataba wa mwaka mmoja badala ya ajira ya kudumu, mkoa mwingine, bila hata nauli ya kuhamia, kwa mshahara uleule, mie nitasimama niseme sababu ninayo na waamue wao. Kama wangetuhamisha kutoka Kizota kwenda Nala au Ihumwa ningekuwa wa kwanza kukuunga mkono, hapo mtu anabadili daladala tu.

NYONGEZA 2: Aliyesema "hameni vijana msiwe wazembe, mbona wengine wanaenda mpaka Oman", hongera zao, walienda kwa kutaka. Mwenzetu mmoja ana miaka 52, aliletwa hapa kutokea Kahama na kampuni hii hii, mkataba wake wa zamani unaonyesha hivyo, maana yake wakimwachisha hapa wanadaiwa kumrudisha Kahama na vitu vyake. Jana kaitwa ofisini peke yake kusaini ule mpya. Nimemwambia asiguse kalamu mpaka apige picha kila ukurasa.

Walio kwenye kampuni nyingine hapa Dodoma au Singida waliopewa barua yenye hayo maneno "ameacha kazi kwa hiari" iwekeni hapa, ficheni majina na nembo, nataka kuona kama ni wakili mmoja anawauzia wote. Na kama kuna mtu alishawahi kufika CMA kwa kesi ya kuhamishiwa ofisi, aje aseme msuluhishi alitaka vielelezo gani siku ya kwanza, maana barua zetu za kuwajibu zinatoka wiki hii.