Ushauri: Sisimizi wa moto wamenivamia Houston, nataka kuwaletea adui yao

Mmakonde_Ughaibuni: Wakuu, nipo Houston mwaka wa pili. Uani kuna vichuguu vya udongo laini kama uliochekechwa, juu havina tundu. Ukikanyaga, wanapanda mguu kimyakimya halafu wanauma wote kwa mpigo. Kesho yake vijipu vyeupe. Kupuliza sumu sitaki, nina mtoto anatambaa. Adui yao namtoa wapi?

Kigogo_Tabata: Maji ya moto. Uzi ufungwe.

BiChole: Kwetu Mafia siafu wakiingia tunawapisha. Wanakomba mpaka mende, tunarudi kulala. Marehemu bibi alikuwa anawaamkia kabisa, shikamooni!

Bwanashamba: Mkuu, hao asili yao Amerika Kusini. Walishukia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, maadui zao wakabaki nyuma. Mwaka 1997 Florida walianza kuachia vijinzi kutoka hukohuko. Kijinzi anamchoma yai kifuani, funza anahamia kichwani, anakula vya ndani mpaka kichwa kinadondoka, naye anajigeuzia humohumo. Texas wapo tayari. Hawamalizi kichuguu, wanawatia woga tu wa kutoka kutafuta chakula. Weka chambo chenye sumu kukizunguka, usikivuruge, vibarua wambebee malkia wao. Ila adui gani unamtaka wewe?

Mmakonde_Ughaibuni: Basi niseme. Shemeji anatua Ijumaa na kiota cha maji moto, wale sisimizi wa mitini, cha kwenye mkorosho wa mzee, Newala. Kipo kwenye ndoo ya rangi, kimefungwa kanga. Shambani ndio wanaotufukuzia mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi.

Bwanashamba: Atakamatwa uwanja wa ndege! Maji moto anashona majani juu ya mti, hao wako chini ya nyasi. Utakuwa na wavamizi wa aina mbili.

Mmakonde_Ughaibuni: Nina mti mkubwa uani, watashuka. Na tiketi imeshalipwa.

BiChole: Mwanangu, kanga ya nani hiyo?

Kigogo_Tabata: Chai hii. Mwezi jana ulikuwa Muscat unauliza bei ya friji.

Mmakonde_Ughaibuni: Aliuliza shemeji, akaunti tunatumia wote.

Kigogo_Tabata: Huyu wa ndoo? Yupo Muscat au Newala?

BiChole: Ongeza tangawizi.

Mmakonde_Ughaibuni: Bwanashamba, hicho chambo mtoto akikishika?

Bwanashamba: Soma maandishi ya kwenye pakiti. Kwanza mpigie shemeji.