Mliotoka kwenye mitandao ya kijamii, jioni zenu zinapitaje?

Mkazi wa Ngamiani:
Ndugu zangu, salaam. Tangu mwishoni mwa Agosti nimefuta programu zote za mitandao ya kijamii kwenye simu yangu, nikabakiza kupiga simu na ujumbe mfupi tu. Sikuacha kwa sababu ya ugomvi wala kutapeliwa. Niliacha siku mwanangu wa miaka sita aliponiletea jino lake lililong'oka, nami nikamwambia "vizuri, baba" bila kuinua macho, mpaka akaliweka jino lile juu ya kioo cha simu ili nilione.

Wiki za mwanzo mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, hata nikiwa nimesimama dukani nikisubiri chenji. Sasa hilo limepungua, lakini limebaki jambo ambalo sikulitarajia: baada ya sala ya isha nina saa mbili nzima ambazo sijui nizifanyie nini, na televisheni siitaki, kwa maana naona itakuwa ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile. Naomba mliotangulia mnieleze mnachokifurahia kwa dhati na namna kinavyofanywa, kwa sababu ushauri wa "tafuta shughuli" nimeshaupata wa kutosha.

Barazani Kikwajuni:
Ndugu wa Ngamiani, mimi ni mwaka wa pili huu, na kilichoniokoa ni bao. Ule ukurasa unaoteremka bila kufika chini ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, ambaye baadaye alijuta hadharani. Kabla ya hapo mtu alifika mwisho wa ukurasa akaamua mwenyewe kama anaendelea au anakwenda kulala. Bao lina mwisho wake: aliyeishiwa kete katika safu ya mbele amefungwa, basi, mnapanga upya au mnaagana.

Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi zilizopangwa, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja wakati wa kunamua; zikiisha ndipo mnaingia kwenye mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Huwezi kucheza huku akili iko kwingine, kwa kuwa mchezo mmoja wa mtaji unaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla kete haijalala, yaani haijaishia shimo tupu, na mwenzako hakusubiri uhesabu kwa kidole. Mwezi wa kwanza nilifungwa kila siku na mzee mmoja ambaye hakunifundisha kwa maneno. Nilipokosea alizirudisha kete zote mahali pake, shimo kwa shimo, kisha akaniambia, "Tazama tena." Nilikuwa sijatazama kitu kimoja kwa muda mrefu namna ile kwa miaka mingi.

Bi Mkubwa wa Wete:
Mwanangu, bao ni zuri, ila linataka mwenzio. Mimi jioni nasuka ukili, na hata peke yangu sioni upweke. Ukindu unauanika ukauke, unauchana vipande vyembamba vinavyolingana, vingine unavitia rangi, na kabla ya kusuka unavilainisha kwa maji kidogo ili visikatike. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha unaushona, mkunjo kwa mkunjo, mpaka unakuwa mkeka.

Mkwe wangu aliponikuta mara ya kwanza alidhani nasuka kwa kuuza. Nikamwambia nasuka kwa sababu vidole vikishajua njia, moyo nao unatulia, na mazungumzo yanakuja yenyewe. Mjukuu wangu wa kike, ambaye ana kwa ana hakuwa akinijibu zaidi ya "ndiyo bibi" na "hapana bibi", alianza kunihadithia mambo ya shule siku nilipompa miyaa, vipande vya kusukia, anishikie. Macho yake yalikuwa kwenye kazi, si kwangu, na nadhani hilo ndilo lililomfungua kinywa.

Msafiri wa Likoni:
Nina tahadhari moja, kwa heshima zote. Starehe hizi ni za kweli, lakini hazitakuletea habari za watu wako. Nilipojitoa nilijitoa kote, hata kwenye makundi ya ukoo na ya shule, na nikakosa maziko ya mtu niliyekaa naye dawati moja miaka minne, kwa kuwa tangazo lilipita kwenye kundi na kila mmoja alidhani nimeliona. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya hapo nilimwomba jirani yangu anipigie kila panapotokea msiba au harusi, kisha nikaandika kwenye daftari majina ya watu saba ambao sitaki wanipotee. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nampigia mmoja wao. Ndugu yangu aliye Muscat anasema sasa tunajuana zaidi kuliko wakati ule tulipokuwa tukipendeana picha kila siku bila kusikilizana sauti. Kwa hiyo katika zile saa mbili zako, ndugu, tenga dakika ishirini za simu ya kawaida.

Mkulima wa Singida:
Toka nje utazame juu. Mwezi huu wa Novemba, siku isiyo na mawingu, Kilimia huonekana upande wa mashariki giza likishaingia: ni fungu la nyota ndogo zilizobanana, na jina lake latokana na kulima. Wazee wetu waliitazama kabla ya kushika jembe. Mimi na watoto wangu hushindana kuzihesabu. Mimi huishia sita, mdogo wao anasema anaona saba.

Mkazi wa Ngamiani:
Nawashukuru sana. Bi Mkubwa, shikamoo, na maneno yako kuhusu mjukuu nimeyasoma mara tatu. Nimekumbuka kwamba bao la marehemu babu liko uvunguni mwa kitanda cha mama. Jana nimelitoa, nikalifuta vumbi, na mwanangu akazihesabu kete mara mbili: zimebaki 58. Je, Barazani, nijazie kokoto, au nitafute komwe zenyewe?

Barazani Kikwajuni:
Tafuta komwe, kwa sababu kokoto inabadilisha uzito mkononi na mlio wake si ule. Mkomwe huota karibu na ufuo, na una miiba mpaka kwenye maganda ya mbegu, kwa hiyo mvae viatu wewe na mtoto, na mchukue kijiti cha kupasulia. Okoteni nane, si sita; mbili za akiba.