Naomba ushauri: mashua ya mbao yenye ubao wa kushusha

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Niko Nairobi, naunda mashua ya futi 14 ya kusafiria Ziwa Naivasha. Mkuku (uti wa chini wa mashua) ni wa mvule, mataruma (mbavu zake) yamesimama, na mbao za ubavuni ni saiprasi kutoka Gikomba. Tanga litakuwa la foromali (boriti ya juu inayobeba tanga), kama la dau la Lamu.

Nimekwama kwenye ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini ili mashua isisukumwe kando inapobisha, yaani inapokwenda dhidi ya upepo. Naivasha kuna gugumaji na kina kifupi ukingoni, kwa hiyo ni lazima uweze kupandishwa haraka. Je, sanduku lake, lile ambamo ubao hupanda na kushuka, nilipitishe katikati ya mkuku, au niliweke kando ya mkuku? Nikitoboa mkuku naupunguzia nguvu pale pale unapobeba mzigo mkubwa. Nikiliweka kando mkuku unabaki mzima, ila nahofia ubao wa chini unaopakana na mkuku utapasuka upepo wa alasiri ukishika. Ule upepo si wa mchezo, jamani, na viboko wako humo.

Jambo la pili ni maungio ya sanduku, maana hapo ndipo maji hupenya. Fundi mmoja wa pwani ameniambia nikalafati, yaani nizibe nyufa, kwa pamba na mafuta tu. Mwingine anasisitiza gundi ya epoksi. Hapa juu hewa ni kavu na mashua itakaa nchi kavu wiki nzima, mbao zikinywea. Je, pamba itashika? Aliyewahi kuunda anisaidie, hata kwa mchoro wa mkono.