Lami ya moto juu ya slabu: ndoo, bomba au membreni?

Mpangaji_Temeke: Wakuu, slabu yangu ya ghorofa tatu inavuja kila masika. Fundi mmoja anapandisha lami kwa ndoo na kamba. Mwingine ana mtambo wa kuchemshia wenye pampu na bomba la chuma mpaka juu, ila bei imechangamka. Nimpe nani?

FundiKoki: Wa bomba. Ndoo inapita juu ya vichwa vya watu, kamba ikicheza kidogo tu, lami ya nyuzi 200 iko mgongoni mwa saidia fundi. Ila muulize bomba analitunzaje. Likilala na lami ndani, asubuhi ni jiwe. Sisi jioni tunafungua koki, lami yote inarudi mtamboni, ndiyo maana tunalifunga kwa mteremko.

TangaMoja: Hilo jiwe ndilo lililomchoma kijana wetu. Alipasha bomba katikati, huku na huku limeganda. Lami ikiyeyuka inatanuka, ikakosa pa kutokea, ikapasua jointi na kumrukia mkononi. Siku hizi tunaanza kwenye mdomo ulio wazi, tunarudi nyuma shubiri kwa shubiri, na hakuna kusimama mbele ya mdomo.

MamaSaiti: Pole yake. Mkono mliufanyaje?

TangaMoja: Maji safi ya bomba dakika 20, kisha hospitali na lami yake hivyohivyo. Kuna mjuaji alitaka kuibandua! Ingetoka na ngozi.

FundiKoki: Na mvua je? Mdomo ukiachwa wazi usiku, maji yakaingia, kesho lami ya moto ikiyakuta yanageuka mvuke papo hapo. Inaumuka na kufurika kama maziwa jikoni. Mtambo ukishika moto pia usimwagie maji: zima gesi, shusha mfuniko, tumia mtungi wa poda.

Pwani_Jenga: Mbona hamtaji membreni, ile shiti nene ya lami? Rola la mita 10, unapasha kwa gesi huku unakunjua. Hakuna pipa wala bomba.

FundiKoki: Moto wa wazi nao umeupandisha juu, kaka. Penye mbao au nyasi kavu kaa chonjo. Na zege lisipokauka, membreni inavimba mapovu. Mpangaji, slabu ina ukubwa gani?

Mpangaji_Temeke: Mita za mraba 60 hivi. Zege tupu, hakuna mbao.

FundiKoki: Sitini tu? Ungeanza na hilo! Hata mimi nisingewasha mtambo. Weka membreni, ngoja kiangazi.

Mpangaji_Temeke: Na yule wa bomba nishampa advansi…