Naomba ushauri: mteja ataka kuvunja ukuta, nyumba ya Mji wa Kale

Wakuu, nyumba ni ya mawe ya matumbawe, Mji wa Kale, Mombasa. Mteja ataka ukuta wa kati uvunjwe sebule ipanuke, na plasta ya chokaa ibanduliwe ipigwe simiti.

Ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita, na vichwa vya boriti za mikoko vimelala juu yake. Ukitoka, dari inashuka. Simiti nayo hufungia unyevu ndani; chumvi ikitafuta pa kutokea, rangi yabambuka kama magamba ya samaki.

Fundi wake amwambia kazi ya ndani haihitaji kibali. Lakini eneo hilo ni la hifadhi, na sheria ya makavazi na turathi ya 2006 ipo.

Michoro ianzie kaunti au kwa Makavazi ya Taifa, na ripoti ya injinia iambatane nayo tangu mwanzo? Mteja akishikilia, barua ya pingamizi yatosha kumkinga mbunifu wa majengo, au ni kujitoa kabisa?

La pili: muuza vigae ampa mbunifu kamisheni ya asilimia 10. Mwaiandika kwenye ankara kama punguzo la mteja, au mwamjulisha tu kwa mdomo? Kwa mdomo naona ni kutafuta kesi.