Ukiwa katikati ya galaksi mbili, macho yangeona nini?

baba_darasa5: Wakuu habari za jioni. Juzi tulikuwa kijijini Singida, kule hakuna taa kabisa, nimekaa nje na binti yangu tunaangalia Njia ya Maziwa akaniuliza baba, ukitoka nje ya hizi nyota zote ukafika kule kati ya galaksi na galaksi unaona nini? Nikamjibu nyota tele, ila tangu siku hiyo roho inanisuta, nahisi nimemdanganya mtoto. Mwenye kujua anisaidie, naongelea macho matupu sio darubini.

mtazama_anga: Mkuu swali zuri sana, na ndio, karekebishe lile jibu. Nyota zote tunazoziona moja moja kwa macho ni za galaksi yetu hii hii, tena za jirani. Jua lenyewe ukiliacha miaka 60 tu ya mwanga (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja) nyuma yako hulioni tena, wakati galaksi yetu ina upana wa kama miaka 100,000 ya mwanga. Sasa chukulia uko katikati yetu na Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu, kila upande umebakiza miaka milioni 1.25 ya mwanga. Nyota huoni, labda upite jirani kabisa na moja ya zile chache zilizotupwa nje ya galaksi. Ni weusi, na ukungu mmoja mbele, mwingine nyuma, basi. Watu wanadhani ukisogea galaksi itawaka kama kwenye picha, hapana, ukiikaribia mara 2 unapata mwanga mara 4 lakini na eneo lake machoni linakua mara 4, kwa hiyo kila kipande kinabaki na ung'avu ule ule. Kamera inakusanya mwanga masaa, jicho haliweki akiba, na kwenye mwanga hafifu halioni hata rangi, ni kijivu tu.

mama_kilimia: Na hapo mnaongelea mahali penye majirani. Kuna ule uwazi, yaani eneo karibu tupu lisilo na galaksi, uliotangazwa 1981 upande wa kundinyota la Boötes, upana kama miaka milioni 330 ya mwanga, pale katikati hata huo ukungu huupati, fumba macho fumbua ni kitu kimoja. Kaka, mwonyeshe Andromeda yenyewe. Katikati ya mwezi wa 11, saa 3 usiku, mtazame kaskazini, ila mkae gizani nusu saa kwanza na simu zimezimwa, halafu asiikodolee moja kwa moja, aangalie pembeni yake kidogo ndio inajitokeza. Kadoa kama pumzi kwenye kioo. Mwanga huo umesafiri miaka milioni 2.5, mimi mara ya kwanza kuuona nililia.

baba_darasa5: Asanteni mno, nimemsomea yote. Kauliza tena, sasa mkono wake angeuona?

mtazama_anga: Mwambie wenyewe hapana, hakuna mwanga wa kutosha kuumulika. Ila akiunyoosha kuelekea Andromeda ule ukungu utakatika vipande, na hapo penye weusi ndio vidole vyake.